Mwekezaji akisema atajenga daraja kwa fedha zake, muulize magari yasipofika nani atalipa

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maendeleo katika eneo linalokatwa katikati na mto mkubwa. Tunavuka kwa pantoni; foleni ni saa mbili hadi tatu, na usiku hakuna huduma kabisa. Sasa amekuja mwekezaji anayesema atajenga daraja kwa fedha zake mwenyewe, serikali haitoi hata senti, halafu atakusanya tozo kwa miaka 30 ndipo alikabidhi. Wenzangu wanataka tumuunge mkono haraka kabla hajabadili mawazo. Mimi nasita, ila sijui hasa ninachosita ni nini. Je, tuna cha kupoteza?

JIBU: Mnacho, ndugu yangu, ingawa sisemi mkatae. Daraja mnalihitaji, na foleni ya saa tatu ni gharama inayolipwa kila siku na mgonjwa, mwanafunzi na mwenye mzigo wa nyanya. Ila hayo maneno ya "serikali haitoi hata senti" nimeyasikia katika vikao vya kwanza vya miradi mingi, na ni nadra sana kuyakuta yamebaki yalivyo katika mkataba wa mwisho. Hapo katikati ndipo penye kila kitu unachosita bila kukijua.

Tuanze na hizo fedha zake mwenyewe. Kampuni inayojenga daraja kwa ubia kwa kawaida huweka mtaji wake kwa sehemu ndogo, pengine robo au theluthi ya gharama. Zilizobaki ni mkopo wa benki. Mtaji unatafuta faida, mkopo unatafuta riba, na vyote viwili vitatoka mahali pawili tu: kwa anayevuka au kwa mlipa kodi. Mfuko wa tatu haupo duniani kote. Mwekezaji anatanguliza fedha, jambo ambalo lina thamani yake, lakini kutanguliza na kulipa ni mambo mawili tofauti.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme daraja linagharimu bilioni 100 za sarafu yenu. Fedha hizo zikirudishwa kwa miaka 25, kwa riba na faida ya wastani wa asilimia 10 kwa mwaka, kila mwaka zinatakiwa bilioni 11 hivi. Ongeza bilioni moja na nusu ya uendeshaji na matengenezo, unafika bilioni 12.5. Yakipita magari 5,000 kwa siku, kila gari litapaswa kutoa wastani wa 6,850. Daraja hilohilo serikali ikilikopea yenyewe kwa asilimia 5, wastani unashuka hadi 4,700 hivi. Sasa geuza upande wa magari: yakipita 2,500 badala ya 5,000, ile 6,850 inakuwa 13,700, na kwa bei hiyo wengi watarudi kwenye pantoni au wataacha safari, idadi ishuke tena. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini tabia yake ndiyo tabia ya kila daraja la tozo: gharama haitikisiki, mapato yanayumba.

Kuna mtu katika kamati yenu atasema, basi serikali ikope kwa asilimia 5 tumalize. Asikimbilie huko. Mkopo wa serikali ni nafuu kwa sababu mlipa kodi amesimama nyuma yake kama mdhamini bila kudai malipo ya udhamini huo. Magari yasipofika, deni linabaki palepale, ila sasa ni lake. Kwa hiyo swali la kumbana nalo mwekezaji wenu, na la kuibana nalo serikali pia, ni hili: magari yakiwa nusu ya yaliyotabiriwa, hasara inaangukia kwa nani? Mengine mengi yanafuata jibu la hilo.

Na yatakuwa nusu? Inawezekana kabisa. Brisbane, Australia, walifungua handaki la barabara la Clem7 chini ya mto wao Machi 2010. Utabiri ulikuwa wa magari zaidi ya 60,000 kwa siku tangu mwanzo. Yakaja chini ya nusu. Februari 2011 kampuni iliyolimiliki ikawa mikononi mwa wafilisi. Huko wawekezaji ndio waliobeba hasara, handaki likabaki linatumika, na serikali haikulazimika kuwafidia. Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Daraja la Humber, lililofunguliwa 1981 likiwa na nafasi ya mita 1,410 kati ya minara yake miwili, rekodi ya dunia kwa wakati huo, lilijengwa kwa mkopo uliotarajiwa kulipwa na tozo. Magari hayakutosha, riba ikazaa riba, na hatimaye serikali ikafuta pauni milioni 150 za deni ndipo tozo ya gari dogo iweze kupunguzwa kwa nusu mwaka 2012. Madaraja yote mawili, namaanisha lile la juu na lile la chini ya mto, ni kazi nzuri ya uhandisi. Kilichotofautiana ni jina lililoandikwa kwenye kifungu cha hasara.

Ngoja nikueleze utabiri wa magari unavyotengenezwa, kwa sababu hapo ndipo mjumbe wa kamati asiye mhandisi anaweza kuuliza swali likamtoa jasho mtaalamu. Makarani wanakaa gatini na karatasi za kuhesabia, wanaandika kila gari linaloshuka kwenye pantoni: pikipiki, gari dogo, basi, lori la ekseli mbili, lori la ekseli tano. Jioni wanajumlisha. Tatizo ni kwamba pantoni inabeba magari machache kwa mkupuo mmoja, na mikupuo ya siku ina kikomo. Idadi waliyoipata imepima uwezo wa pantoni, haijapima haja ya watu. Aliyeona foleni akageuza hayumo. Aliyezunguka kilomita mia kupitia daraja la mbali hayumo. Anayehitaji kuvuka usiku hayumo. Kwa hiyo mtaalamu lazima akisie hao wasioonekana, na kukisia kuna mlango wa kuingiza chochote ambacho anayemlipa angependa kukiona.

Kisha inakuja kasi ya ukuaji. Weka asilimia 7 kwa mwaka, baada ya miaka 30 magari yamekuwa zaidi ya mara saba na nusu. Weka asilimia 4, yamekuwa mara tatu na kidogo. Tofauti ya asilimia tatu tu kwenye ukurasa wa katikati wa ripoti, ambao hakuna anayeusoma, ndiyo inayoamua kama mradi unajilipa. Omba uonyeshwe ukurasa huo. Uliza walihesabu kwa siku ngapi, kama zilikuwamo usiku na mchana, siku ya gulio na siku ya kawaida, msimu wa mavuno na msimu wa mvua. Uliza kama waliwasimamisha madereva wakawauliza watokako, waendako, walichobeba, na wangekuwa tayari kulipa kiasi gani ili wasisubiri. Hili la mwisho lina mtego wake: mtu yeyote akiulizwa barabarani kama atalipia daraja zuri atasema ndiyo. Atakapofika kwenye kizuizi kila asubuhi na kila jioni, jibu linaweza kubadilika.

Gharama nazo zina ugonjwa wake. Mtafiti Bent Flyvbjerg na wenzake walichunguza miradi 258 ya usafiri katika utafiti uliochapishwa 2002, wakakuta madaraja na mahandaki yamezidi makadirio kwa wastani wa asilimia 34. Wastani, maana yake yapo yaliyozidi kwa mbali zaidi. Mkandarasi wenu asipokuwa na bei iliyofungwa, theluthi hiyo ya juu mnaihesabu tangu leo.

Sasa turudi kwenye senti ya serikali. Mwekezaji anapokwenda benki na utabiri wake, benki haiuamini zaidi ya mimi ninavyouamini. Inadai kinga. Hapo ndipo rasimu ya pili ya mkataba inapoanza kuota vifungu. Cha kwanza ni dhamana ya mapato ya chini: tozo zisipofika kiwango fulani kwa mwaka, serikali inajazia. Cha pili ni fedha za kigeni: mkopo ni wa dola, tozo ni za sarafu yenu, basi sarafu ikishuka tozo ipande yenyewe, na kama wanasiasa hawatakubali ipande, serikali ilipe tofauti. Cha tatu ni kutoshindana: hakuna daraja jingine, wala pantoni, ndani ya kilomita kadhaa juu na chini ya mto kwa miaka yote 30. Cha nne ni fidia ya kuvunja mkataba, ambayo mara nyingi inahesabiwa ili benki zirudishiwe deni lote hata kama aliyeharibu ni kampuni yenyewe.

Sisemi vifungu hivyo ni vya kitapeli. Bila kimojawapo pengine hakuna benki itakayokopesha. Lakini kila kimoja ni ahadi ya fedha za umma ambayo haionekani kwenye bajeti ya mwaka huu wala ujao, na itaonekana siku isiyofaa kuliko zote, yaani uchumi ukiwa umeanguka, magari yamepungua na kodi zimekauka. Kama dhamana ya mapato itakuwamo, basi iwe na kikomo cha kiasi na cha miaka, na iende pande zote mbili: mapato yakizidi kiwango cha juu, serikali nayo igawiwe.

Ipo njia ya kati ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo huanza na pantoni yenu. Pantoni ina ruzuku: mafuta, mishahara, injini, matengenezo ya kila mwaka. Kanada walikuwa wanatumia fedha nyingi za serikali kuendesha feri za kwenda kisiwa cha Prince Edward. Walipoamua kujenga Confederation Bridge, lenye urefu wa kilomita 12.9, walichukua kiasi kilekile cha ruzuku ya feri wakakigeuza kuwa malipo ya kila mwaka kwa miaka 35, na wakopeshaji wakakubali kutoa fedha za ujenzi kwa kutegemea malipo hayo. Daraja likafunguliwa 1997. Ule ni mlango wa bahari, mto wenu ni mdogo zaidi, lakini busara inafaa popote. Mnajua pantoni inaigharimu serikali kiasi gani kwa mwaka? Kama hamjui, hiyo ndiyo namba ya kwanza ya kutafuta. Inaweza kupunguza tozo kwa sehemu kubwa bila mtu yeyote kuongezewa mzigo.

Vilevile serikali inaweza kumlipa mwekezaji kwa daraja kuwa wazi na salama, bila kujali yamepita magari mangapi. Likifungwa siku moja kwa uzembe wake, anakatwa. Hapo anabeba hatari anayoimudu, ya ujenzi na matengenezo, na serikali inabeba ile ya magari, ambayo inaimudu zaidi kwa kuwa ndiyo inayopanga barabara, miji na bei ya mafuta. Kwa mto wenye magari machache mimi huipenda njia hii kuliko tozo tupu. Kasoro yake ni kwamba inahitaji wizara inayolipa kwa wakati.

Fedha za kujenga zinaweza kutoka mahali pengine pia. Daraja la Nyerere, Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lilijengwa kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kwa asilimia 60 na serikali ya Tanzania kwa asilimia 40. Michango ya wafanyakazi haiwezi kukaa bila kuzaa, kwa hiyo tozo ilikuwa lazima. Wakazi wakalalamika kwa miaka, na mwaka 2022 tozo zikapunguzwa. Angalia lililowezesha punguzo hilo: pande zote mbili ni za umma, zikakaa zikaelewana. Mngekuwa na kampuni binafsi upande wa pili, punguzo lile lingekuja na madai ya fidia. Daraja la Kazungula juu ya Zambezi, kati ya Zambia na Botswana, la mita 923, lilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Japani likafunguliwa Mei 2021. Bangladesh nao, Benki ya Dunia ilipojitoa katika daraja la Padma mwaka 2012 kwa tuhuma za rushwa, wakaligharamia wenyewe, na tangu Juni 2022 magari yanapita juu ya kilomita zake 6.15. Taja mifano hii kwenye kikao, kwa sababu anayewaambia kwamba mwekezaji ndiye njia pekee anawaharakisha.

Kivuko cha zamani nacho kitawasumbua kuliko mnavyodhani. Mkiacha pantoni ifanye kazi kwa nauli ndogo, daraja litapoteza wateja. Mkiifunga, mwenye baiskeli aliyekuwa anavuka kwa sarafu chache anakuta kizuizi. London walipofungua handaki la Silvertown chini ya Thames Aprili 2025, siku hiyohiyo handaki la jirani la Blackwall, ambalo limekuwa bure tangu 1897, likaanza kutozwa. Wasingefanya hivyo kila dereva angejisogeza upande wa bure. Kihesabu ni sahihi, ila jaribu kumweleza aliyepita bure maisha yake yote. Ureno walionja zaidi. Mwaka 1994 walipandisha tozo ya daraja la 25 de Abril jijini Lisbon, katika mpango uleule wa kugharamia daraja jipya la Vasco da Gama juu ya mto Tagus, na madereva wakalifunga daraja kwa malori yao. Kwenu ningependekeza watembea kwa miguu na baiskeli wapite bure moja kwa moja, wakazi wa kingo zote mbili wawe na kadi ya mwezi, na hayo yaandikwe kabla ya bei kupangwa. Yakiletwa baada ya kusaini yanaitwa mabadiliko ya mkataba, na mabadiliko yana bei.

Nimezungumza fedha muda mrefu. Mto wenyewe unasubiri.

Mto haukai. Unakula ukingo mmoja, unajaza mwingine, na kwenye mafuriko unachimba sakafu yake chini ya nguzo kisha unapopungua unafukia shimo lilelile, ukija kupima kiangazi unaona kila kitu kiko sawa. Madaraja mengi yaliyoanguka duniani hayakuvunjika kwa uzito wa magari. Maji yaliondoa udongo chini ya misingi. Machi 2001 nguzo ya daraja la Hintze Ribeiro juu ya mto Douro, Ureno, iliporomoka usiku, basi na magari yakaenda na maji, watu 59 wakafa. Mojawapo ya sababu zilizobainishwa ni uchimbaji wa mchanga wa ujenzi katika mto huo, uliokuwa umeshusha sakafu kwa miaka. Je, kwenye mto wenu kuna malori yanayochota mchanga? Basi marufuku ya kuchimba, kwa umbali utakaotajwa juu na chini ya daraja, iingie kwenye sheria ndogo zenu sasa, nguzo ya kwanza ikiwa bado ni mchoro. Hiyo ni kazi ambayo kamati inaweza kuifanya bila mwekezaji yeyote.

Mahali pa kuvukia pia pasichaguliwe kwa sababu ndipo mto ulipo mwembamba kwenye picha ya setilaiti. Choluteca, Honduras, walikuwa na daraja jipya imara wakati kimbunga Mitch kilipopiga 1998; daraja lilisimama, mto ukahama. Ulijichimbia njia nyingine pembeni, daraja likabaki juu ya nchi kavu. Upande wa pili wa somo hilo uko Bangladesh, kwenye Jamuna, ambao wakati wa mafuriko unaweza kutanuka hadi kilomita 14 hivi. Kabla ya daraja lao la kilomita 4.8 kufunguliwa 1998, walijenga kingo kubwa za kuuongoza mto upite pale walipotaka, na kazi hiyo ya kuufunga mto ilikula sehemu nzito ya bajeti. Mwekezaji wenu akiwaletea makadirio, tafuta mstari wa ulinzi wa kingo. Usipouona, au ukaukuta ni tarakimu ndogo yenye sifuri nyingi zilizonyooka, jua hajaenda mtoni. Anatakiwa awe na vipimo vya kina na mwendo wa maji vya misimu ya mvua, mashimo ya uchunguzi wa udongo kwenye kila nguzo, na mahojiano na wazee wanaojua maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa. Hili la wazee linaonekana dogo, lakini alama ya maji kwenye ukuta wa msikiti au kanisa la zamani imewahi kuliongezea daraja kimo.

Barabara za maingilio nitazitaja kwa kifupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi: zijengwe na nani, kwa fedha gani, zimalizike lini. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, la mita 970 hivi, lilifunguliwa 2003, lakini kipande cha barabara kusini yake kati ya Ndundu na Somanga, kilomita 60 hivi, kilibaki cha udongo kwa miaka mingi baadaye, na masika magari yalinasa palepale baada ya kuvuka mto kwa raha. Mwekezaji kwa kawaida huiachia serikali maingilio na fidia ya ardhi. Hizo nazo si senti? Na wanaoishi kwa pantoni, wauza chakula gatini, wapagazi, wenye mitumbwi, hawamo kwenye fidia ya ardhi kwa kuwa hawana ardhi pale. Waandikwe mapema, tena kwa majina.

Kuhusu uendeshaji, watu hufikiria vibanda vya tozo tu. Vibanda ni sehemu rahisi. Ulaya na Asia vinaondolewa. Dartford, mahali pa kuvukia Thames kwa daraja na mahandaki mashariki mwa London, waliondoa vizuizi 2014 na kamera zinasoma namba za magari. Mfumo huo unafaa pale ambapo kila gari lina namba halali, mmiliki anajulikana na faini inafuatiliwa. Pasipo hayo, kizuizi na malipo ya simu vinatosha, na jambo la kukazania ni kwamba taarifa za mapato ziingie kwa kampuni na kwa serikali kwa wakati uleule. Msisubiri ripoti ya mwisho wa mwaka kutoka kwa mtu yuleyule anayedai magari hayakufika.

Sehemu ngumu ni ile isiyoonekana. Malori yaliyozidisha uzito hula daraja polepole, kwa hiyo mizani iwe pande zote mbili na iwe chini ya mtu asiyelipwa kwa wingi wa magari yanayopita. Mwenye tozo anapenda kila lori, hata lile lisilofaa. Viungo vya kuruhusu sitaha, yaani sakafu ya daraja inayopitiwa na magari, itanuke kwa joto huziba kwa mchanga na makopo, maji yanapenya, chuma cha ndani kinaota kutu. Vikalio vinavyobeba boriti juu ya nguzo vina umri wake, vinabadilishwa daraja likiwa linatumika. Wapiga mbizi wanapaswa kushuka kuangalia misingi baada ya kila mafuriko makubwa. Agosti 2018 daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, lililokuwa chini ya kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka mingi, liliporomoka likaua watu 43; nyaya zake za chuma zilikuwa ndani ya zege, kutu ilikuwa inakula mahali ambapo jicho halifiki. Ukaguzi wa daraja lenu ufanywe na mhandisi asiyeajiriwa na mwekezaji, ripoti iwekwe wazi, na fedha za matengenezo zikae kwenye akaunti ya pekee ambayo faida haigawanywi kabla haijajazwa.

Hii inanileta kwenye hiyo miaka 30. Kwa nini 30? Mara nyingi hakuna sababu zaidi ya kwamba inasikika vizuri. Waingereza kwenye mto Severn walifanya vingine: mkataba ulitakiwa kwisha tozo zitakapofikisha jumla ya fedha iliyokubaliwa, si tarehe. Magari yakiwa mengi, unaisha mapema. Yakiwa machache, unarefuka, na hakuna anayehitaji kwenda mahakamani. Madaraja yalirudi serikalini Januari 2018, na tarehe 17 Desemba mwaka huo tozo zikafutwa kabisa. Dartford deni liliisha mapema pia, mkataba ukafungwa 2003, ila tozo ikabaki kwa jina la kupunguza msongamano, na inalipwa mpaka leo. Yote mawili yanaweza kutetewa. Andikeni lenu lipi sasa, maana serikali ikishazoea mapato hayo hakuna waziri atakayeyaachia kwa hiari. Andikeni na hali ya daraja siku ya kukabidhiwa: viungo vipya, rangi mpya kwenye chuma, ukaguzi wa pamoja miaka mitano kabla, na fedha za kampuni zilizozuiliwa hadi kasoro zirekebishwe. La sivyo mtapokea daraja mwaka wa 30 na bili ya ukarabati mwaka wa 31.

Basi kwenye kikao kijacho msimpe ndiyo wala hapana. Mwombeni vitu vitatu: ripoti kamili ya magari pamoja na majedwali yake, orodha ya kila dhamana au ahadi anayoitarajia kutoka serikalini, na barua ya benki inayoonyesha kwamba ipo tayari kuzungumza. Hofu ya wenzako kwamba atakimbia haina msingi, kwa kuwa benki zitamdai haya haya na zaidi. Aliyejiandaa anayo mezani. Wakati huohuo pendekezo lake litangazwe ili kampuni nyingine zishindane nalo, naye arudishiwe gharama za upembuzi wake akishindwa.

Na kama mtasaini chochote cha awali, hata kikiitwa hati ya makubaliano tu, kiwe na tarehe ya kufa. Daraja la tatu la Abidjan, Côte d'Ivoire, mkataba wake ulisainiwa 1997, yakaja mapinduzi ya 1999 na vita, na magari hayakupita juu yake hadi Desemba 2014. Wenzetu wale walikuwa na sababu nzito. Ninyi mkimpa mwekezaji haki ya pekee juu ya mto bila kikomo, anaweza kukaa nayo mfukoni akitafuta wakopeshaji, nanyi mmefungwa msizungumze na mtu mwingine. Miezi 18 ya kukamilisha fedha inatosha kabisa kwa daraja la ukubwa wa kawaida. Ikipita bila mkopo kusainiwa, haki hiyo ife yenyewe, bila barua wala fidia.